Magurudumu Yanapogusa Maji

Chukua ramani ya Kenya na rula. Weka ncha moja ya rula kwenye uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, na nyingine kwenye kiwanja cha Mulika, ndani ya Mbuga ya Taifa ya Meru. Mstari utakaouchora utapita juu ya Thika, utauvuka Mto Tana kabla haujaingia Bwawa la Masinga, utaambaa kando ya mji wa Embu, kisha utashuka kwenye nyanda za joto za Mbeere, si mbali na Ishiara. Rubani halazimiki kuufuata mstari huo, maana mawingu ya Mlima Kenya nayo yana amri zao. Hata hivyo, ndege ndogo zinazopeleka watalii Meru hupita sehemu hizi, na mtu wa Ishiara anayeinua kichwa akisikia mngurumo huona umbo analolijua: mabawa juu, tumbo chini, na magurudumu yananing'inia.

Sasa tujiweke kwenye kiti cha rubani huyo. Chini yake kuna migunga, mashamba madogo ya mtama na ndengu, miembe, mashina ya muguka, na vilima vya mawe kama Kiang'ombe. Kuna barabara, lakini zina pikipiki, mbuzi na nguzo za umeme. Kuna viwanja vya shule, lakini ni vifupi na vina watoto. Upande wake wa kulia, kuelekea kusini, kunametameta kitu kipana kisicho na mti wala nyumba: maji ya mabwawa ya Tana. Kindaruma lilianza kuzalisha umeme mwaka 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981 na Kiambere 1988. Masinga likijaa hufunika kilomita za mraba zipatazo 120. Nchi nzima ile haina mahali palipo tambarare kuliko hapo.

Injini ikizimika, je, aende huko?

Jibu la haraka la marubani wengi ni hapana, na sababu yao kubwa ni hayo magurudumu. Ndege za abiria za masafa marefu huyakunja na kuyaficha tumboni baada ya kuruka. Cessna 172 inayofundishia wanafunzi, Cessna 206 inayobeba dawa na wamishonari, Caravan inayobeba abiria tisa hadi kumi na kitu, na hata Twin Otter yenye injini mbili, zote zina miguu isiyokunjwa. Hilo ni jambo jema kwenye kiwanja cha murram chenye mashimo na kinyesi cha nyati. Mguu usiokunjwa hauna mtambo wa kuharibika, rubani hawezi kusahau kuuteremsha, na fundi anauelewa. Kwa bara letu, ndege hizi zimekuwa kile ambacho matatu imekuwa barabarani.

Majini mambo hugeuka. Maji ni mazito kuliko hewa takriban mara 800. Gurudumu lililokuwa likikata hewa bila shida linapozama hata kidogo, maji hulishika na kulivuta nyuma, huku mwili wa ndege uliobaki juu ukiendelea kwenda mbele. Pua huinama. Mwendo ukiwa mkubwa, au gurudumu la mbele likitangulia, ndege hubiruka na kulala chali, mabawa chini ya maji na magurudumu yakitazama mbingu. Yote hayo huisha kwa sekunde mbili tatu.

Ndiyo maana mwendo wa kugusia maji ndio mjadala wote. Nguvu ya mgongano haipandi sambamba na mwendo; hupanda kwa kipeo cha pili. Ndege inayogusa maji kwa kilomita 100 kwa saa huwa na nishati zaidi ya mara moja na nusu ya ile inayogusa kwa kilomita 80. Rubani anayejua hili hutafuta upepo wa mbele, huteremsha flapu, yaani yale mabamba ya nyuma ya bawa yanayoisaidia ndege kuelea hewani polepole, na huinua pua ili mkia na magurudumu ya nyuma yaguse kwanza. Kitabu cha rubani cha Cessna 172 kinaeleza kwa ukavu wa karani: ikiwa injini bado ina nguvu, shuka futi 300 kwa dakika, kwa mwendo wa kilomita kama 100 kwa saa, flapu zikiwa chini. Fungua komeo za milango kabla ya kugusa. Kunja koti au mto uuweke mbele ya uso. Kisha kinaongeza kwamba usiitegemee ndege kuelea kwa zaidi ya dakika chache.

Agizo la milango halijawekwa bure. Fremu ya ndege ikijikunja kidogo tu kwa kishindo, mlango uliofungwa hubana mahali pake. Na hata usipobana, maji yaliyo nje huusukuma ndani kwa nguvu ambayo mkono wa mtu hauwezi kuishinda mpaka ndani nako kujae. Kitabu hichohicho kinamruhusu rubani kufungua dirisha na kuyakaribisha maji ndani, ili msukumo ulingane pande zote mbili. Kumwambia abiria akae atulie huku maji yakimpanda kifuani, asubiri wakati wa kufungua mlango, ni kumdai moyo wa chuma. Lakini ndivyo ilivyo.

Tarehe 11 Desemba 2013, Caravan moja iliondoka Kalaupapa katika kisiwa cha Molokai, Hawaii, ikielekea Honolulu. Ilikuwa na watu tisa. Muda mfupi baada ya kuruka injini yake, ambayo ni moja tu, ilikufa. Rubani hakuwa na uwanja wa kurudia. Aligeuza, akaishusha ndege juu ya bahari yenye mawimbi, akaigusisha maji ikiwa imenyooka. Magurudumu yalikuwa pale pale yanapokuwa siku zote, lakini ndege haikubiruka. Iliruka kidogo, ikasimama, ikaelea. Abiria mmoja alikuwa na kamera ndogo ya video, na picha alizopiga zimeonyeshwa duniani kote: maji yakifika kwenye viti, watu wakitoka mmoja mmoja, bawa likiwa bado juu ya maji.

Wote tisa walitoka nje. Mmoja aliogelea hadi ufukweni. Wengine walielea zaidi ya saa moja wakisubiri waokoaji. Mtu mmoja, Loretta Fuddy, aliyekuwa mkurugenzi wa afya wa jimbo la Hawaii, alifariki akiwa ndani ya maji, baada ya kutoka salama kwenye ndege. Wanane waliobaki walifika nyumbani.

Kisa hiki kinapingana na picha iliyo vichwani mwa watu wengi, kwamba kishindo ndicho kinachoua. Rubani akiidhibiti ndege mpaka mwisho, waliomo hunusurika kishindo mara nyingi kuliko watu wanavyodhani, hata kwenye ndege yenye magurudumu yasiyokunjwa, hata ikibiruka. Hatari kubwa huanza ndege inaposimama: mtu ana mkanda kiunoni, pengine kichwa chini, gizani, maji puani, na hajui mlango uko upande gani. Safari ya kutoka kitini hadi mlangoni, ambayo kiwanjani hata mtoto huimaliza kwa hatua mbili, huwa ndiyo safari ngumu kuliko zote za siku hiyo.

Wanaofanya kazi kwenye mitambo ya mafuta baharini huzoezwa hili kwa lazima. Hufungwa mikanda ndani ya chumba bandia, chumba hushushwa kwenye bwawa la kuogelea na kupinduliwa, nao hutakiwa kutoka. Somo lenyewe ni fupi. Kabla ya kugusa maji, weka mkono mmoja kwenye kitu kisichosogea kilicho karibu na mlango wako: ukingo wa dirisha, fremu, mguu wa kiti. Usikiachie. Subiri maji yaache kukimbia. Fungua mlango kwanza, mkanda baadaye, kwa sababu mtu aliyejifungua mapema huelea ovyo ndani ya chumba, na kilichokuwa kulia kwake huwa kushoto. Kisha jivute kuufuata mkono uliokishikilia. Waswahili wamesema mfa maji haachi kutapatapa, nao wakufunzi wa mazoezi haya kazi yao yote ni kumfundisha mtu asitapetape kwa sekunde kumi za kwanza.

Umbo la ndege lina neno lake hapa. Ndege ambayo bawa liko chini ya tumbo hulala juu ya bawa hilo na kuacha milango hewani. Ile ambayo bawa liko juu, na hapo ndipo zilipo Cessna zetu karibu zote, huning'inia chini ya bawa, na chumba cha abiria huzama mpaka maji yafike shingoni au zaidi. Abiria wa Meru, Maasai Mara au Mafia hupenda bawa la juu kwa sababu halizuii kuona tembo wala miamba ya matumbawe. Majini hulipia mandhari hayo.

Bukoba ilionyesha jambo hilo kwa uchungu. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya Precision Air aina ya ATR 42, iliyotoka Dar es Salaam, iliangukia Ziwa Viktoria ikijaribu kutua katika hali mbaya ya hewa, karibu kabisa na uwanja. Haikuwa ndege ndogo wala haikuwa imekusudia kutua majini, lakini bawa lake ni la juu, na chumba chake kilizama huku mkia ukibaki nje. Kati ya watu 43 waliokuwamo, 19 walifariki, wakiwemo marubani wote wawili. Waliookoka ni 24. Mvuvi kijana, Majaliwa Jackson, alifika na mtumbwi na kutumia kasia kuufungua mlango wa nyuma. Serikali ya Tanzania ilimzawadia shilingi milioni moja na kumpa ajira katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Wengi walijadili zawadi hiyo, kama ilitosha au haikutosha. Kilichojadiliwa kidogo ni kwamba mwokoaji wa kwanza alikuwa mtu wa kasia, na kwamba mlango ulihitaji kufunguliwa.

Mambo yalikuwa mazuri zaidi Komoro tarehe 27 Novemba 2012, pale ndege ndogo ya injini mbili aina ya Embraer Brasilia ilipotua baharini muda mfupi baada ya kuondoka uwanja wa Moroni. Wote 29 waliokuwamo walitoka hai, na hapo pia mashua za wavuvi zilikuwa miongoni mwa zilizowapokea. Visiwa hivyohivyo viliona pia upande wa pili. Tarehe 26 Februari 2022, Caravan iliyosajiliwa Tanzania, ikiwa na abiria 12 na marubani wawili, ilianguka baharini ikikaribia kisiwa cha Mwali. Hakuna aliyepona. Ndege inayoshushwa majini na rubani aliye na udhibiti, na ndege inayoyapiga maji bila udhibiti, ni mambo mawili yasiyofanana hata kama magazeti yanayaandika kwa kichwa kimoja cha habari.

Halafu kuna jaketi la kuokolea. Tarehe 23 Novemba 1996 ndege ya Ethiopia, Boeing 767 iliyokuwa ikitoka Addis Ababa kuja Nairobi, ilitekwa nyara na vijana watatu waliomlazimisha rubani Leul Abate aelekee Australia. Aliwaambia mafuta hayatoshi, hawakusikia. Mafuta yaliisha karibu na Komoro, naye akajitahidi kuishusha ndege majini mbele ya ufuo wa Galawa, huku akipigania usukani na mmoja wa watekaji. Bawa la kushoto lilitangulia kugusa, ndege ikapasuka. Kati ya watu 175, walipona 50. Mmoja wa waliokufa ni Mohamed Amin, mpiga picha wa Kenya ambaye picha zake za njaa ya Ethiopia ya mwaka 1984 ziliutikisa ulimwengu. Baadhi ya abiria walikuwa wamejaza hewa majaketi yao wakiwa bado vitini. Maji yalipoingia, majaketi yaliwainua hadi darini na kuwabana huko, wasiweze kupiga mbizi kuufikia mlango.

Kwa hiyo agizo ambalo wahudumu hulisema kila safari kwa sauti ya kuchoka, vaa sasa, jaza hewa ukishatoka, limelipiwa kwa roho za watu. Kwenye ndege ndogo isiyo na mhudumu, agizo hilo hutolewa na rubani akigeuza shingo, abiria wakiwa wanapiga picha za mabawa.

Sheria yenyewe ni nyepesi. Kanuni za Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga zinaitaka ndege ya injini moja iwe na jaketi kwa kila mtu inapopita juu ya maji mbali kiasi kwamba, injini ikifa, haiwezi kuteleza hewani mpaka nchi kavu. Mlango wa bahari kati ya Dar es Salaam na Unguja ni mfano mzuri wa hesabu hiyo. Pale panapobana, upana wake ni kama kilomita 35. Cessna ndogo iliyozimika injini husonga mbele takriban mita tisa kwa kila mita moja inayoshuka. Katikati ya mlango huo kuna kilomita 17 au 18 kila upande, kwa hiyo rubani anahitaji kuwa juu takriban mita 2,000, yaani futi zaidi ya 6,500, ili afike ufukweni bila kulowa. Safari yenyewe ni ya dakika ishirini tu, na aghalabu hakuna haja wala nafasi ya kupanda juu hivyo. Abiria wengi wanaovuka kwenda Unguja hawajui kwamba kuna dakika kadhaa katikati ambapo bahari ndiyo kiwanja chao.

Juu ya Kiambere hali ni tofauti. Bwawa ni refu lakini jembamba, na ndege yoyote iliyo juu ya futi elfu chache inaweza kufika ukingoni. Kisheria hakuna anayelazimishwa kubeba jaketi kwenda Meru. Hilo linaeleweka, lakini lina maana kwamba rubani wa Mbeere anayechagua maji huyachagua bila jaketi.

Zamani, cha ajabu, kutua majini kulikuwa jambo la kila wiki Afrika Mashariki. Kuanzia mwaka 1937 ndege-boti za Imperial Airways zilipita hapa zikielekea Durban, zikitua Port Bell, Kisumu, Mombasa, Dar es Salaam na Lindi. Tumbo la kila moja lilijengwa kwa umbo la mashua na hakukuwa na gurudumu la kuchokoza maji. Hata hizo hazikuwa na kinga kamili. Tarehe 14 Machi 1939 ndege-boti iitwayo Corsair, ikitoka Port Bell kwenda Juba, ilipotea njia. Mafuta yalipokaribia kwisha, rubani aliona mto mwembamba huko Faradje, kaskazini-mashariki mwa Kongo, akatua humo. Mto ulikuwa Dungu. Ndege iliteleza vizuri mpaka mwamba uliojificha chini ya maji ulipolipasua tumbo lake. Hakuna aliyekufa. Kuitoa ndege ndiko kulikokuwa kazi: mafundi waliiunda upya porini, jaribio la kwanza la kuruka likaishia kwenye mwamba mwingine, na hatimaye wakajenga bwawa kuuzuia mto ili kina kiongezeke. Iliruka Januari 1940, baada ya karibu miezi kumi.

Mwamba wa Dungu una jambo la kuwaambia wanaoyatazama mabwawa ya Tana kutoka juu. Maji hayaonyeshi kilicho chini yake. Kina cha Masinga hupanda na kushuka kwa misimu. Mwezi wa Mei 2024 lilifurika. Miaka ya kiangazi hurudi nyuma na kuacha kingo za tope ambazo kutoka angani zinafanana na ufuo mzuri. Gurudumu likiingia kwenye tope la namna hiyo litafanya lilelile linalofanya majini, na pengine zaidi.

Beryl Markham, rubani aliyekulia Kenya, aliyajua haya kwa mwili wake. Septemba 1936 aliruka peke yake kutoka Abingdon, Uingereza, kuelekea Marekani kwa Vega Gull yenye magurudumu yasiyokunjwa na namba ya usajili ya Kenya, VP-KCC. Barafu iliziba njia ya hewa ya tangi la mafuta, na injini ikamfia akiwa ameiona nchi kavu ya Nova Scotia, Kanada. Alichagua kilichoonekana kuwa uwanja wa majani. Kilikuwa bwawa la matope. Magurudumu yalizama, pua ikachimba, mkia ukapanda juu. Alitoka na jeraha kichwani, akawa mwanamke wa kwanza kuvuka Atlantiki peke yake kutoka Uingereza kuelekea magharibi.

Miaka 17 kabla yake, Harry Hawker na mwenzake Kenneth Mackenzie-Grieve walikuwa na suluhisho la tatizo la magurudumu ambalo hakuna rubani wa leo angethubutu kuliiga. Walipoondoka Newfoundland Mei 1919 kujaribu kuivuka Atlantiki, waliyatupa. Sopwith yao iliundwa hivyo makusudi, ili ipunguze uzito na upinzani wa hewa. Injini ilipopata joto kupita kiasi walitafuta meli, wakatua kando yake katikati ya bahari kwa tumbo laini, wakaokolewa na meli ya Denmark iliyoitwa Mary. Meli haikuwa na redio. Kwa karibu wiki nzima Uingereza iliwahesabu wafu.

Ndege za kisasa zina ujanja mwingine. Cirrus SR22, nayo yenye magurudumu yasiyokunjwa, hubeba mwavuli mkubwa unaoweza kuishusha ndege nzima. Januari 2015 rubani mmoja aliyekuwa akiivusha Cirrus kutoka California kwenda Hawaii alishindwa kupata mafuta kutoka kwenye tangi la ziada. Kilomita zaidi ya 400 kabla ya kufika aliufungua mwavuli, akashuka polepole huku ndege ya walinzi wa pwani wa Marekani ikimpiga picha, akaingia kwenye boti yake ya kuokolea na kuchukuliwa na meli ya watalii. Caravan inayokwenda Meru haina mwavuli huo.

Basi rubani wetu wa Mbeere amalizie uamuzi wake. Shamba la ndengu lililolimwa, fupi na lenye matuta, linaweza kuvunja ndege lakini halimzamishi mtu. Kichaka cha migunga huchana mabawa, nayo mabawa yakichanika hupunguza mwendo. Nchi kavu nayo haina huruma: Richard Leakey, mtafiti wa mabaki ya kale aliyekuwa akiongoza Shirika la Wanyamapori la Kenya, alipoteza miguu yote miwili chini ya magoti baada ya Cessna aliyokuwa akiirusha kuanguka mwaka 1993. Bado, marubani wengi wangechagua shamba, na kuna sababu nzuri: Ishiara kuna barabara na hospitali, na watu watafika kwa miguu. Maji huwa chaguo pale ambapo kilichobaki ni mteremko wa mawe, mji wenye watu, au mtandao wa nyaya za umeme zinazotoka kwenye mabwawa yenyewe.

Akiyachagua, atakuwa na masharti yake. Asitue katikati, bali sambamba na ukingo, karibu nao kiasi cha mtu kuogelea. Hilo lina faida mbili. Ya kwanza ni huko kuogelea. Ya pili marubani wa ndege za majini huifundisha kwa msisitizo: asubuhi isiyo na upepo, maji yanapotulia kabisa, jicho haliwezi kukadiria urefu uliobaki, na rubani hudhani yuko mita kumi juu kumbe ameshafika. Ukingo, miti na mitumbwi humpa kipimo. Aepuke nyavu. Baharini angetafuta pia jinsi mawimbi yalivyolala, atue kuyafuata kwa urefu badala ya kuyakabili uso kwa uso. Kwenye Kiambere upepo ndio wa kuangaliwa zaidi. Viboko na mamba wapo katika mabwawa haya, na wavuvi wanajua wanakaa wapi. Rubani hajui.

Wavuvi wa perege wa mabwawa ya Tana, wenye mashua ndogo na injini za kukodi au kasia tupu, ndio watakaofika kwanza, kama ilivyokuwa Bukoba na Komoro. Hakuna boti ya uokoaji itakayotoka Embu kwa wakati. Kuna mambo machache ambayo yangewafaa, na yangeweza kuelezwa kwenye kikao kimoja tu cha kikundi cha usimamizi wa ufuo. Mashua isikaribie kutoka mbele, kwa sababu propela inaweza kuzunguka tena ikisukumwa, na kingo zake ni kali. Mafuta ya ndege huelea juu ya maji, sigara izimwe. Usifungamanishe mashua na ndege inayozama. Na milango hufunguka kwa nje. Kwenye Caravan kuna mlango wa rubani upande wa kushoto na mwingine upande wa kulia, karibu na pua. Nyuma ya bawa, upande wa kulia, kuna mlango wa abiria wenye ngazi, na upande wa kushoto kuna mlango mpana wa mizigo. Kila mmoja una mpini wake wa nje, na ikiwa ndege imelala chali, mpini huo utakuwa chini ya maji, kwa hiyo mkono uutafute kabla ya jicho.